Kufundisha Matumizi ya Lahajedwali: Kuchagua Umbizo la Seli Kabla ya Kufungua Jedwali la Tovuti

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi wa siku hizi hukutana na majedwali mengi yanayotoka katika tovuti. Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo kwa kurasa za tovuti zenye majedwali. Mifumo ya kutunza kumbukumbu za wanafunzi nayo humpa mwalimu orodha za majina, namba za uandikishaji na namba za simu za wazazi katika umbo hilo hilo. Mwalimu huchukua jedwali hilo na kulifungua katika programu ya lahajedwali, kama vile Excel au Calc, ili apange majina, ajumlishe alama au achapishe orodha ya darasa.

Hapo ndipo tatizo tunalokusudia kulijadili linapotokea. Jedwali lililokuwa sahihi katika tovuti huonekana limebadilika. Namba ya uandikishaji 0045 imekuwa 45. Alama 3/4 imekuwa 03-Apr. Mwanafunzi aliyesajiliwa kwa alama ya 4E12 sasa anaitwa 4.00E+12. Hakuna aliyegusa kitufe cha kufuta, wala hakuna virusi vilivyoingia katika kompyuta. Programu imefanya tu kile ilichotengenezewa kufanya, yaani kukisia maana ya kila kitu kinachoingia katika seli.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza sababu za mabadiliko hayo. Pili, kuonyesha njia za kuyazuia. Tatu, kupendekeza namna ya kulifundisha jambo hili chuoni na shuleni, hata pale ambapo kompyuta ni chache au hazipo. Msingi wa mjadala wetu ni mmoja: umbizo la seli sharti liamuliwe kabla thamani haijaingia, kwa kuwa kubadili umbizo baadaye hakurudishi kilichopotea. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

2. Maana ya maneno tutakayotumia

Ili tuelewane, ni vema tuyaeleze maneno machache. Lahajedwali ni karatasi ya kompyuta iliyogawanywa katika vyumba vidogo. Kila chumba huitwa seli. Seli zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia tutaziita safumlalo, na zile zilizopangwa kutoka juu kwenda chini tutaziita safuwima.

Kila seli ina mambo mawili ambayo mwanachuo hana budi kuyatofautisha. La kwanza ni thamani, yaani kile kilichohifadhiwa ndani ya seli. La pili ni umbizo, yaani namna thamani hiyo inavyoonyeshwa kwa macho. Thamani 0.75 yaweza kuonyeshwa kama 0.75, au 75%, au 3/4, na bado ikawa thamani ile ile. Umbizo ni vazi na thamani ni mwili. Wengi huona vazi wakadhani wameuona mwili.

Jedwali la tovuti nalo ni maandishi matupu yaliyozungukwa na alama za lugha ya HTML. Alama ya table huanzisha jedwali, tr huanzisha safumlalo, na td huanzisha seli moja. Ndani ya td hamna namba wala tarehe. Mna herufi na tarakimu zilizofuatana tu. Kwa hiyo, jedwali linapovuka kutoka katika tovuti na kuingia katika lahajedwali, lazima pawepo uamuzi: je, maandishi haya ni namba, ni tarehe, au yabaki maandishi? Mwalimu asipotoa uamuzi huo, programu itautoa kwa niaba yake.

3. Jinsi programu inavyokisia

Tuchukue mfano wa karani wa ghala aliyeajiriwa jana. Amekabidhiwa mizigo bila hati yoyote. Hawezi kumwuliza mwenye mali, kwa hiyo hutazama sura ya kila mzigo na kuuweka pale anapodhani panaufaa. Lahajedwali hufanya kazi kwa kanuni kama za karani huyo. Kanuni zilizo muhimu kwetu ni hizi zifuatazo:

(a) Tarakimu tupu ni namba. Sufuri zilizotangulia hazina thamani katika hesabu, kwa hiyo hutupwa. Hivyo 0045 huwa 45.

(b) Namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, zikiweza kuwa siku na mwezi, ni tarehe. Hivyo 3/4 huwa tarehe 3 Aprili.

(c) Tarakimu, kisha herufi E, kisha tarakimu, ni namba iliyoandikwa kwa mtindo wa kisayansi. Hivyo 4E12 husomwa kuwa nne ikifuatiwa na sufuri kumi na mbili, yaani trilioni nne.

(d) Katika Excel, namba haihifadhi zaidi ya tarakimu 15. Zinazozidi hapo hugeuzwa kuwa sufuri.

(e) Kisichoingia katika kanuni hizo hubaki maandishi.

Jambo moja zaidi linastahili kusisitizwa. Kanuni hizi hufuata mipangilio ya lugha na nchi iliyowekwa katika kompyuta. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Uingereza huisoma 3/4 kuwa tarehe 3 Aprili, kwa sababu huko siku hutangulia mwezi. Ile iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Vilevile, shule iliyopokea kompyuta za msaada kutoka Ujerumani, na mipangilio yake haikubadilishwa, yaweza kuona 2,500 ikisomwa kuwa mbili na nusu, kwa kuwa Wajerumani hutumia mkato mahali ambapo sisi hutumia nukta ya desimali. Kwa hiyo walimu wawili waliofungua jedwali moja katika kompyuta mbili wanaweza kupata majibu mawili tofauti, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ndiye aliyekosea.

4. Madhara na viwango vyake

Si madhara yote yaliyo sawa. Kwa mwalimu ni muhimu kujua lipi laweza kurekebishwa na lipi haliwezi. Tumeyagawa katika viwango vitatu.

Kiwango cha kwanza: hasara inayorejesheka. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi na huanza na sufuri. Sufuri hiyo ikianguka, hubaki tarakimu tisa. Kwa kuwa tunajua urefu wa namba zote, tunaweza kuirudisha sufuri bila mashaka. Hata hivyo, hasara hii si ndogo ikiwa haikugunduliwa mapema. Mtoto anapougua darasani, mwalimu wa zamu huichukua orodha iliyobandikwa ukutani na kupiga simu kwa mzazi. Hapo si wakati wa kuanza kuchunguza kwa nini simu haiiti.

Kiwango cha pili: hasara inayorejesheka kwa masharti. Alama 9/10 iliyogeuzwa kuwa tarehe yaweza kurudishwa, lakini kwanza ni lazima tujue kompyuta ilifuata mpangilio wa nchi gani. Tusipojua, hatuwezi kusema kama tarehe 3 Aprili ilitokana na 3/4 au na 4/3. Ubaya mwingine ni kwamba safuwima moja huchanganyika. Mtoto aliyepata 9/10 hupewa tarehe, lakini aliyepata 18/20 hubaki na alama yake, kwa sababu 18 si mwezi na 20 si mwezi. Mwalimu akitazama safumlalo chache tu zenye alama za namna hiyo, ataridhika kwamba jedwali zima ni salama.

Kiwango cha tatu: hasara isiyorejesheka. Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Ikiandikwa pamoja na vistari vyake hubaki maandishi, na haidhuriki. Ikiandikwa tarakimu tupu, Excel huihesabu kuwa namba, huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo na kuzigeuza 5 za mwisho kuwa sufuri. Tuseme namba ni 12345678901234567890. Seli itaonyesha 1.23457E+19, na ndani yake kutakuwa na 12345678901234500000. Hakuna fomula wala umbizo litakalozirudisha tarakimu zile tano, kwa kuwa hazimo tena ndani ya faili. Dawa ni moja tu, nayo ni kurudi katika chanzo. Ikiwa chanzo nacho kimefutwa, basi maji yamekwisha mwagika.

Matatizo haya hayawapati walimu peke yao. Wataalamu wa elimu ya viumbe walikuwa wakitumia vifupisho kama MARCH1 na SEPT1 kuwa majina ya jeni za binadamu. Lahajedwali huyageuza majina hayo kuwa tarehe 1 Machi na tarehe 1 Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Australia ulionyesha kwamba takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanishwa orodha za jeni katika faili za Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni ilitangaza miongozo mipya, na majina yaliyokuwa yakileta matatizo yalibadilishwa: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Ikiwa mabingwa wenye maabara kubwa walilazimika kubadili majina ya vitu wanavyovichunguza, mwanachuo asione haya kutumia saa moja kujifunza jambo hili.

5. Kwa nini kubadili umbizo baadaye hakusaidii

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi katika mazoezi ya wanachuo. Mwanachuo akiona 03-Apr, huichagua seli na kubadili umbizo lake liwe maandishi, akitarajia 3/4 irudi. Badala yake huona namba kama 45750. Hushangaa na kudhani kompyuta imeharibika.

Maelezo yake ni haya. Excel huhifadhi tarehe kuwa hesabu ya siku, na siku ya kwanza ni tarehe 1 Januari 1900. Kwa hesabu hiyo, tarehe 1 Januari 2025 ni 45658, na tarehe 3 Aprili 2025 ni 45750. Alama 3/4 ilipoingia katika seli iligeuzwa thamani, ikawa hesabu ya siku ya mwaka ule ambao faili lilifunguliwa. Mwanachuo alipobadili umbizo, alilivua vazi la tarehe, na mwili uliobaki ni 45750. Ile 3/4 haimo tena.

Mfano huu unatupa nafasi nzuri ya kuhusisha somo hili na hisabati. 3/4 ni nini? Kwa mwalimu wa darasa la nne ni sehemu: robo tatu ya chungwa. Kwa msahihishaji ni alama: maswali matatu kati ya manne. Kwa karani wa ofisi ni tarehe. Maandishi ni yale yale, lakini maana ni tatu. Maana hiyo anaijua mwalimu. Kompyuta haiijui, na hatuna haki ya kuidai ijue kitu ambacho hatukuiambia.

6. Njia za kuzuia

Zipo njia kadhaa, na kila moja ina mahali pake. Kwa kila njia, mwanachuo aanze kwa kuhifadhi nakala ya ukurasa wa tovuti kama ulivyo, asiiguse nakala hiyo, na afanye kazi katika nakala ya pili. Majina ya amri tumeyaacha kama yanavyoonekana katika programu nyingi zinazotumika shuleni.

6.1 Kunakili na kubandika

Njia hii inafaa jedwali dogo. Katika lahajedwali tupu, chagua kwanza safuwima zitakazopokea namba za uandikishaji, simu na alama. Fungua "Format Cells", kisha chagua "Text". Sasa nenda katika tovuti, nakili jedwali, rudi katika lahajedwali, na utumie "Paste Special" kisha "Text", au chaguo la "Match Destination Formatting".

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ukibandika kwa njia ya kawaida, jedwali huja pamoja na umbizo lake kutoka katika tovuti, nalo hulifuta umbizo la maandishi uliloliandaa. Kazi ya awali yote huwa bure.

Katika Calc, tumia "Paste Special" na uchague maandishi yasiyo na umbizo. Dirisha la kuingiza maandishi litafunguka. Bofya kichwa cha kila safuwima inayohusika na uchague aina ya "Text" kabla ya kukubali.

6.2 Kufungua ukurasa uliohifadhiwa

Mwanachuo anaweza kuufungua moja kwa moja ukurasa aliouhifadhi. Calc kwa kawaida humwonyesha dirisha lenye maswali mawili: lugha itakayotumika kusoma namba, na kama programu itambue namba za pekee kama vile tarehe. Achague lugha inayolingana na jedwali, na aache bila alama kisanduku cha kutambua tarehe. Kwa njia hiyo 3/4 itabaki 3/4. Hata hivyo, tarakimu tupu bado zitasomwa kuwa namba. Kwa hiyo, njia hii haiziokoi sufuri zilizotangulia.

Excel hufungua ukurasa bila kuuliza. Ndiyo maana kwa Excel tunapendekeza njia ya 6.3 au ya 6.4.

6.3 Kuingiza data kutoka tovuti

Katika matoleo mapya ya Excel, fungua "Data" kisha "From Web". Programu huorodhesha majedwali yaliyomo katika ukurasa. Usilipakie jedwali papo hapo, bali chagua "Transform Data". Upande wa kulia utaona orodha ya hatua ambazo programu imezifanya, na miongoni mwake mara nyingi ipo inayoitwa "Changed Type". Hiyo ndiyo hatua ya kukisia. Ifute, kisha chagua mwenyewe aina ya kila safuwima: namba kwa kile utakachokijumlisha, na "Text" kwa vingine vyote.

Aidha, tangu Oktoba 2023 Excel ina mahali pa kuzuia baadhi ya mageuzi: "Options", kisha "Data", sehemu ya "Automatic Data Conversion". Mwalimu anaweza kuondoa alama katika visanduku vinavyohusu sufuri zilizotangulia, namba ndefu, na herufi E. Chaguo la tarehe lililopo hapo limekusudiwa maandishi kama JAN1. Kwa alama kama 3/4 tusilitegemee.

6.4 Kuandika umbizo ndani ya jedwali lenyewe

Njia hii ni ya yule anayetengeneza jedwali, kama vile mwalimu anayesimamia tovuti ya shule au fundi anayeandika mfumo wa kumbukumbu. Excel huelewa agizo la pekee lililoandikwa ndani ya seli ya HTML. Tazama mfano huu:

<td style='mso-number-format:"\@"'>0045</td>

Alama ya @ maana yake ni kwamba yaliyomo yabaki maandishi. Mzigo sasa umekuja na hati yake, na karani hana haja ya kukisia. Ikiwa shule yako inatumia mfumo unaotoa faili la Excel ambalo kwa kweli ni jedwali la HTML lililopewa jina jipya, mwombe fundi wake aongeze agizo hili. Dalili ya faili la namna hiyo ni onyo linalotokea wakati wa kulifungua, likisema kwamba umbo la faili na jina lake havilingani.

6.5 Kuandika kwa mkono

Kwa seli moja au mbili, andika ritifaa kabla ya tarakimu: '0045. Ritifaa haitaonekana, na sufuri zitabaki. Njia hii ni ya kibodi. Ukiandika ritifaa ndani ya jedwali la tovuti, yaweza kubaki inaonekana ndani ya seli. Kwa sehemu za hisabati ambazo tunataka kuzikokotoa, andika 0, nafasi, kisha sehemu: 0 3/4. Hapo Excel itahifadhi 0.75 na kuionyesha kama 3/4.

7. Uhakiki

Mwalimu asilikubali jedwali kabla ya kulikagua. Tunapendekeza ukaguzi wa hatua nne:

(i) Hesabu safumlalo katika tovuti na katika lahajedwali. Idadi sharti ilingane.

(ii) Tazama upande. Kwa kawaida namba na tarehe hukaa kulia mwa seli, na maandishi hukaa kushoto. Namba ya uandikishaji iliyokaa kulia ni ya kutiliwa shaka. Lakini tovuti nyingine huleta na mpangilio wake wa upande, kwa hiyo hatua hii peke yake haitoshi.

(iii) Tumia fomula =ISTEXT(A2). Jibu likiwa TRUE, seli ina maandishi. Likiwa FALSE, programu imekisia.

(iv) Linganisha na chanzo seli zilizo hatarini: zinazoanza na sufuri, zenye mkwaju, zenye herufi E katikati ya tarakimu, na zenye tarakimu nyingi.

Ikiwa hasara imekwisha kutokea, fomula =TEXT(A2,"0000") itarudisha sufuri za namba yenye tarakimu nne. Kwa tarehe, =DAY(C2)&"/"&MONTH(C2) itarudisha alama pale ambapo kompyuta ilisoma siku kwanza. Kwa namba ndefu zilizokatwa, tumekwisha kusema: rudi katika chanzo.

8. Mbinu ya kufundishia: mchezo wa Karani wa Seli

Kanuni ya ufundishaji hututaka twende kutoka katika kinachojulikana hadi katika kisichojulikana. Kwa hiyo hatuanzi na kompyuta. Mchezo huu unahitaji kadi za karatasi ngumu, maboksi matatu na ubao tu. Unafaa chuoni, na unafaa pia kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Vifaa: kadi ishirini zenye maandishi kama 0045, 3/4, 4E12, 4A07, 9/10, 18/20, Asha, na namba moja yenye tarakimu 20. Maboksi yaandikwe NAMBA, TAREHE na MAANDISHI. Kanuni tano za sehemu ya 3 ziandikwe ubaoni.

Duru ya kwanza: mwanafunzi mmoja awe karani. Apokee kadi moja moja, afuate kanuni za ubaoni bila kuuliza swali, aandike upya kadi kwa namna kanuni inavyotaka, na aitie katika boksi linalohusika. Kadi ya kwanza aitupe kapuni. Baada ya duru, mwalimu awaombe wengine wayarudishe maandishi ya awali kwa kutazama kadi mpya peke yake. Watagundua wenyewe ni zipi zinazorudishika na zipi zisizorudishika.

Duru ya pili: kila kadi iambatanishwe na hati ndogo yenye alama ya @. Karani akiona hati hiyo, aitie kadi katika boksi la MAANDISHI kama ilivyo. Wanafunzi walinganishe matokeo ya duru mbili.

Tunapendekeza mpangilio ufuatao kwa somo la dakika 80:

Utangulizi: maswali juu ya maana ya 3/4 — dakika 10
Mchezo wa Karani wa Seli, duru mbili — dakika 20
Jaribio la kompyuta: kufungua jedwali bila kinga — dakika 15
Njia za kuzuia, kwa vikundi — dakika 20
Uhakiki wa kazi za vikundi — dakika 10
Muhtasari — dakika 5

Kwa jaribio la kompyuta, mkufunzi aandike jedwali lifuatalo katika programu ya kawaida ya maandishi na kulihifadhi kwa jina alama.html. Haihitaji intaneti.

<table>
<tr><td>0045</td><td>4E12</td><td>3/4</td></tr>
<tr><td>0107</td><td>4A07</td><td>9/10</td></tr>
<tr><td>0212</td><td>4E03</td><td>18/20</td></tr>
</table>

Wanachuo walifungue kwanza bila kinga na kuandika kila badiliko wanaloliona. Watatambua kwamba katika safuwima ya pili watoto wa mkondo E ndio waliopoteza alama zao, na wa mkondo A amebaki salama. Kisha kila kikundi kitumie njia moja ya sehemu ya 6 na kulieleza darasa matokeo yake. Pale ambapo kompyuta ni moja, mkufunzi aifanye kazi hiyo mbele ya darasa, na kabla ya kila hatua awatake wanachuo watabiri kitakachotokea.

9. Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya thamani na umbizo. Toa mfano mmoja usiotokana na makala haya.

2. Kati ya maandishi haya, ni yapi yatabadilika yakiingia katika seli isiyo na kinga: 007, 5/11, 19/20, 6D04, 2E05? Toa sababu kwa kila moja.

3. Mwalimu mwenzako amebadili umbizo la safuwima ya alama kuwa "Text" baada ya kubandika jedwali, na sasa anaona namba za tarakimu tano. Mweleze kilichotokea na umshauri la kufanya.

4. Andaa kadi kumi za mchezo wa Karani wa Seli kwa kutumia kumbukumbu za shule unayoifahamu. Usitumie majina wala namba halisi za wanafunzi.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba jedwali la tovuti huja likiwa maandishi matupu, na kwamba lahajedwali huyapa maana kwa kukisia. Tumeona pia kwamba hasara nyingine hurekebishika na nyingine haziponi, na kwamba uamuzi wa umbizo hauna budi kutangulia. Kanuni fupi ya kukumbuka ni hii: kitu utakachokijumlisha ni namba, kitu kinachomtambulisha mtu ni maandishi, hata kikiandikwa kwa tarakimu tupu.

Namba ya uandikishaji, namba ya simu ya mzazi na alama za jaribio ni sehemu ya amana ambayo mzazi humkabidhi mwalimu pamoja na mtoto. Kabla ya kufungua jedwali lolote, mwalimu asome kichwa cha kila safuwima, aamue maana yake, na aiandikie umbizo. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na huanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kufungua.